Jiwe la uani linataka mchumba: chagua ua kwa tabia, si kwa sura

Wiki hii tuweke kando habari za mitindo na nani kamwacha nani. Leo tunazungumza mawe. Usicheke kwanza. Kama unaishi Mwanza, au una ndugu Mwanza, unajua ninachosema. Jiji lile linaitwa Jiji la Miamba na jina hilo halikuletwa na mtu wa matangazo. Mawe yako milimani, yako barabarani, yako ziwani. Na kama kiwanja chako kiko Capri Point, Bugando, Igogo au Mabatini, basi huenda liko jingine uani kwako, limekaa kama mama mkwe aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka.

Maarufu kuliko yote ni Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo Wajerumani walilipa jina la kansela wao, Otto von Bismarck. Hilo lina bahati yake. Ziwa zima ndiyo bustani yake, na kila mgeni anayeshuka mjini lazima akapige picha pale. Swali langu ni hili: je, hili la kwako la uani, ambalo halina ziwa wala mgeni, utalifanyaje?

Mawe haya ni graniti, na umri wake unapita miaka bilioni 2. Yalikuwepo kabla ya ziwa, kabla ya mti wa kwanza, kabla ya samaki wa kwanza. Halafu wewe umenunua kiwanja juzi tu unasema jiwe limekuingilia!

Nimechunguza nikaona wenye mawe uani wako makundi matatu. Wa kwanza hulianikia nguo. Wa pili hulipasua kokoto. Wa tatu, na hawa ni wengi wao akina dada, hutamani kulivisha maua. Hawa wa tatu ndio leo nimewabeba, kwa sababu wengi wanaingia sokoni kichwa kichwa, wanampenda wa kwanza waliyemwona kwa rangi, halafu baada ya miaka miwili ni 'kasheshe'.

UGOMVI WENYEWE

Kilichoniingiza kwenye mambo haya ni mzozo wa nyumbani. Dada yangu na mumewe wamejenga kwenye mteremko wa kilima kimoja pale Mwanza. Uani kwao pana jiwe la ukubwa wa Hiace, kimo chake kama mita tatu. Shemeji alishaongea na fundi wa kupasua. Alitaka kokoto za kujengea vyumba viwili vya kupangisha.

"Shemeji, wewe mtu mwenye akili," aliniambia siku nilipofika. "Hebu mwambie dada yako maua hayaliwi. Zile ni kokoto zimelala bure."

Dada naye hakukubali kushindwa. "Mdogo wangu, asubuhi jiwe lile ndiyo kivuli chetu. Nafua pale, watoto wanacheza pale. Na huo moto watakaouwasha, moshi wake ataunusa nani kama si mwanangu?"

Hapa dada alikuwa na hoja nzito. Wapasuaji wengi wa kule wana njia yao ya tangu zamani: jiwe linawashiwa moto wa magogo au matairi mabovu mpaka linapata moto kisawasawa, linapasuka, halafu nyundo zinafuata. Mtoto wa mwisho wa dada ana miaka mitatu na ana matatizo ya kifua. Moshi wa matairi kwa mtoto wa namna hiyo si mchezo.

Baada ya maneno mengi shemeji akatoa masharti. Liletwe ua litakalotambaa juu ya jiwe lile. Lisilete nyoka, lisimalize maji ya bomba, lisimdhuru mtoto. Akatoa muda mpaka masika yaishe. Likishindwa, fundi anaitwa. Kazi ya kuchagua nikakabidhiwa mimi, eti kwa kuwa naandika magazetini basi najua kila kitu!

MJUE JIWE KWANZA

Msomaji wangu, kabla hujaenda kwa wauza miche, kaa na jiwe lako siku nzima. Kuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza: limekaa au limeegemea? Jiwe lililozama ardhini ni jambo moja, na jiwe lililopanda juu ya jiwe jingine kwenye mteremko ni jambo jingine kabisa. Kama linaegemea, au udongo chini yake umeanza kuliwa na maji ya mvua, usilichimbe pembeni wala usilipandie kitu. Huyo anahitaji mhandisi, hahitaji mchumba.

Jiwe la dada limezama vizuri. Ila nilipozunguka nyuma nikaona jambo ambalo hakuna aliyelizungumza kwenye mzozo wote. Udongo wa kilima umejaa nyuma ya jiwe lile mpaka karibu na utosi wake. Jiwe ndilo limeuzuia. Ukilitoa, mvua ikinyesha, udongo ule unakuja jikoni. Kwa hiyo shemeji akipata kokoto zake, zote zingeishia kwenye ukuta wa kuzuia mlima, na saruji angenunua juu yake. Nilimwonyesha. Hakusema kitu, lakini nilimwona anapiga hesabu kimoyomoyo.

La pili ni jua. Mwanza iko karibu sana na Ikweta, kama nyuzi 2 na nusu tu upande wa kusini. Upande wa kaskazini wa jiwe hupata jua zaidi katikati ya mwaka, upande wa kusini hupata zamu yake kuelekea Desemba. Upande wa mashariki hupata jua la asubuhi, ambalo ni la upole. Magharibi sasa, hilo ndilo jiko. Jiwe la dada linatazama nyumba kwa upande wa magharibi, ndiyo maana asubuhi lina kivuli, na ndiyo maana kuanzia saa nane mchana hushikiki.

La tatu ni joto. Jiwe hula jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Niliweka kiganja saa mbili usiku nikakuta bado lina uvuguvugu. Ua lenye majani laini likilazwa pale linapikwa mchana na kukaushwa usiku. Hivyo ndivyo miche mingi inavyokufa, halafu watu wanasema wana mkono wa moto. Mkono hauna kosa, bwana. Jiwe ndilo la moto.

La nne ni maji. Mvua ikinyesha jiwe halinywi hata tone, yote yanateremka. Kwa hiyo chini ya jiwe kuna sehemu inayopata maji maradufu. Subiri mvua moja tu, simama na mwavuli uone yanaposhukia. Hapo ndipo pa mmea unaopenda maji, na hapo hapo ndipo utakapouozesha mmea usiopenda. Na juu ya jiwe angalia vishimo vinavyotuama maji. Vijaze mchanga au udongo, vinginevyo umewajengea mbu hosteli.

MIKONO YA KUSHIKA ANAYO?

Watu wengi wanafikiri ua la kutambaa ni ua la kutambaa tu. Hapana. Kila moja lina namna yake ya kupanda, na jiwe halimfai kila mmoja.

Wako wanaojisokota, yaani shina lenyewe linazunguka fito kama kamba. Wako wenye vikono vyembamba vya kujipinda, kama pasheni. Wako wenye vijizizi vya kunata, hawa wanaweza kushika hata ukuta mtupu. Na wako ambao hawana cha kushikia isipokuwa miiba, wanaegemea tu na kusukuma mbele.

Sasa jiwe la graniti halina fito, halina tawi. Wa kujisokota na wa vikono wakiwekwa chini ya jiwe wanabaki wanapapasa hewa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ukitaka wapande lazima uwawekee wavu wa kuku au kamba za manila, na usitumie waya mtupu upande wa jua, unapata moto na kuunguza machipukizi.

Lakini kuna njia rahisi ambayo wengi hawaifikirii: mpande juu, aje chini. Kama nyuma au utosini mwa jiwe pana udongo wa kutosha, mmea hauhitaji kushika chochote. Unaning'inia wenyewe kama nywele. Jiwe la dada lilikuwa na udongo huo kule nyuma. Tayari nusu ya kazi ilikwisha.

WACHUMBA WANAPITA MBELE

Nilimwendea mzee mmoja anayeuza miche kando ya barabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Unataka ua la kivuli au ua la sifa?"

Nikamweleza habari ya jiwe. Akacheka, akanionyesha la kwanza. Msomaji, nilimzimia papo hapo! Vishada vya waridi vimening'inia kama hereni, majani yana umbo la kopa za karata. Kitaalamu linaitwa antigoni, asili yake Meksiko. Wanaozungumza Kihispania, na hata watu wa Ufilipino, wanaliita mnyororo wa mapenzi. Mnyororo wa mapenzi! Jina tu linauza.

"Hili halikuangushi," alisema mzee. "Hata ukilikata linarudi."

Hapo ndipo nikazinduka. Mtu akikuambia mchumba huyu hata ukimfukuza anarudi, ni sifa au ni onyo? Antigoni ina viazi chini ya udongo. Unakata juu, chini kiko salama kinachipua tena. Mbegu zake zinaelea majini na kusafiri. Visiwa vya Pasifiki kama Guam vinalia nalo, limefunika miti na uzio mpaka havionekani. Sasa weka mmea huo juu ya kilima ambacho kila tone la mvua linateremka ziwani, uone.

Na watu wa Mwanza si wa kuhadithiwa jambo hili. Magugu maji yaliyoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 yalitoka wapi? Asili yake ni Amerika ya Kusini, na yalisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, kama pambo la vidimbwi vya bustani. Pambo! Miaka ya 1990 pambo hilo lilifunga mialo, likazuia mitumbwi, likanasa nyavu, mpaka ikabidi waletwe wadudu maalumu wa kuyala. Mpaka leo hayajaisha. Yote hayo yalianza na mtu mmoja mahali fulani aliyesema, "ua hili zuri, ngoja nilichukue."

Kwa hiyo mnyororo wa mapenzi nikauacha pale pale, roho ikiniuma.

La pili lilikuwa thunbejia kubwa ya India, ua la buluu la kupendeza ile mbaya. Nalo lina mizizi minene kama mihogo, na kule Queensland, Australia, ni gugu linalofunika na kuangusha miti. Nikapita.

La tatu alamanda, lile la tarumbeta za njano. Wengi mnalo. Ni ua zuri, lakini utomvu wake mweupe unawasha ngozi na mmea wenyewe ukiliwa unaharisha na kutapisha. Kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu anayeonja kila kitu, hapana. Tena linapenda maji, na upande wa magharibi wa jiwe lingeteseka bure.

Kuna ndugu yake mmoja hatari zaidi, mpira wa Madagaska. Maua yake yana rangi ya urujuani uliopauka, ukikata tawi linatoa maziwa. Watu wanalipenda kwa kuwa linastahimili ukame. Sumu yake inashambulia moyo, na nalo limeharibu maeneo makubwa ya malisho huko Queensland. Ukilikuta linauzwa, sema asante, endelea na safari.

La nne asumini. Hapa ndugu zangu wa Tanga, Zanzibar na Mombasa watanisamehe. Najua kikuba ni nini, najua harufu ile jioni inavyofanya mtu asahau madeni. Lakini asumini anataka kumwagiliwa na kufungwafungwa, na jiwe la moto si mahali pake. Mpande karibu na dirisha la chumbani, hapo atafanya kazi yake vizuri.

La tano petrea, zambarau yenye heshima, majani yake makavu kama msasa. Huyu ni mtu mzima, hana papara. Anachukua miaka kabla hajajaza sehemu. Mwenye subira amchukue. Sisi tulikuwa na shemeji anayehesabu siku.

La sita pirostegia kutoka Brazili, wengine wanaliita mvua ya dhahabu. Miezi ya baridi linamwaga maua ya rangi ya chungwa kama maporomoko. Hili lilishika nafasi ya pili. Lina nguvu, linapenda jua, linaning'inia vizuri. Kasoro yake ni ukubwa. Bila panga la mara kwa mara linaondoka kwenye jiwe linahamia kwenye paa, na likiwa zito linaficha panya. Panya wakijaa, nyoka naye anakuja kula. Shemeji alishasema hataki nyoka.

ALIYESHINDA ANA HISTORIA YA MAPENZI

Nikabaki na bogenvilia. Najua unasema, "aah, hilo la kila ukuta?" Ndiyo, hilo hilo. Ngoja nikupe umbeya wake kwanza.

Jina limetokana na Louis Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Ndani ya msafara wake alikuwemo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na msaidizi wake, kijana mmoja mchapakazi aliyebeba mizigo yote ya majani na vitabu. Mwaka 1767 wakafika Rio de Janeiro, Brazili, na huko ndiko ua hili lilikoingia kwenye makusanyo yao. Sasa sikia. Yule kijana hakuwa kijana. Alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, mpenzi wake Commerson! Sheria ya meli za kivita za Ufaransa ilikataza wanawake, basi akavaa suruali, akajifunga kifua, akapanda meli. Siri ilikuja kutoka wakiwa mbali baharini Pasifiki. Leo Baret anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Nahodha ndiye aliyepata ua, ila sifa zangu mimi nampa bibie.

Turudi kwenye jiwe. Bogenvilia anapenda jua kali, angalau saa sita kwa siku. Joto la jiwe halimsumbui. Mizizi yake inataka udongo unaopitisha maji, na kule nyuma ya jiwe udongo ni wa kichanga. Akipandwa juu anashuka mwenyewe. Zile rangi unazoona si maua, ni majani yaliyogeuka rangi, ndiyo maana hukaa wiki nyingi bila kunyauka. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe kalikojificha katikati.

Na hapa ndipo kuna siri kubwa ambayo wengi hawaijui. Ukimdekeza, hachanui. Ukimmwagilia kila siku na kumjazia mbolea anakupa majani tu, mabichi, manene. Akionja kiu kidogo ndipo anapotoa rangi. Sharti la shemeji kuhusu bomba likawa limejibiwa na tabia ya ua lenyewe.

Kasoro anazo. Ana miiba, na utomvu wake unaweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu. Ndiyo maana hatukumpanda chini anakocheza mtoto. Tulimweka juu, na matawi yanayoshuka yanakatwa yasifike mahali mkono wa mtoto unapofika. Chini ya jiwe pamefagiliwa peupe, hivyo hata nyoka akija hana pa kujificha. Na hatukulifunika jiwe lote. Ubavu mmoja tumeuacha wazi kwa ajili ya mjusi kafiri, yule mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, anayeota jua pale kila siku. Kumfukuza huyo kwenye jiwe la Mwanza ni sawa na kumfukuza mwenye nyumba.

Kwa kuwa bogenvilia huanza taratibu, tulimtafutia mshenga. Huyu ni thunbejia ndogo, lile ua la rangi ya chungwa lenye jicho jeusi katikati, ambalo utalikuta limeota lenyewe kwenye vichaka na kingo za mashamba. Ni la kwetu, Afrika Mashariki. Wazungu wanalinunua mbegu kwenye paketi na kulipanda kwenye vyungu, sisi tunalipita tukienda kununua la Brazili! Jina la thunbejia linatokana na Carl Peter Thunberg, Msweden. Tuliokota mbegu bure, tukazipanda chini ya jiwe, zikapanda kwenye kamba za manila kama mita mbili msimu ule ule.

KUPANDA SI KUCHOMEKA

Tulipanda mwanzoni mwa Novemba, mvua za vuli zilipokolea. Miche miwili ya bogenvilia, rangi moja, zambarau iliyoiva, kwa sababu jiwe ni la kijivu na rangi nyingi zingeligeuza kuwa kitenge.

Shimo ni sentimita 60 kwa 60, na kina 60. Usilichimbe likigusa jiwe, acha kama nusu mita, mizizi isilale kwenye ukuta wa moto. Udongo uliotoka changanya na samadi iliyooza vizuri, debe moja au mawili. Chana mfuko wa mche taratibu kwa wembe, usiuvute. Bogenvilia ina mizizi dhaifu, ukiikatakata siku ya kwanza utailaumu mvua bure. Funika udongo kwa majani makavu.

Miezi mitatu ya mwanzo, siku zisizo na mvua, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki kwa kila mche. Baada ya hapo punguza.

Na kasheshe ilikuwepo. Mwisho wa Mei masika yakaisha, matawi yalishavuka nusu ya jiwe, lakini ua hata moja hakuna. Majani matupu! Shemeji akaanza kuuliza namba ya fundi iko wapi. Dada akapiga simu anataka kuongeza samadi na maji. Nikamwambia, dada yangu, fanya kinyume. Achana naye kabisa. Akaacha. Juni ikapita kavu, na Julai jiwe likavaa rangi.

Shemeji kasemaje? Shemeji bado ni shemeji. Anasema kokoto alikwishanunua kwingine, kwa hiyo sasa hana haja. Ila vyumba vyake viwili vimepata wapangaji, na mmoja wao alimwambia alipapenda pale kwa sababu ya jiwe lenye maua. Hilo halisemi mbele ya dada.

WEWE MPANGAJI, USIKATE TAMAA

Kuna msomaji anasema, "kaka, mimi jiwe si langu, nyumba si yangu, na mshiko sina." Kwako nina majina mawili: pasheni na dodoki. Pasheni ana ua ambalo ukilitazama karibu utadhani limechorwa na mlevi mwenye kipaji, na baadaye anakupa juisi. Dodoki ana ua kubwa la njano, anakua haraka, na tunda lake likikauka unaogea. Wote wanashika kwa vikono, wote wanataka wavu au kamba, wote wanaanzia kwenye mbegu isiyo na gharama. Ukihama, mwenye nyumba anabaki na kivuli na wewe unaondoka na mbegu mfukoni.

Kwa wote, nakuachia maswali matatu ya kumuuliza muuza miche kabla hujatoa pesa. Likikatwa linarudi mpaka wapi? Mtoto au mbuzi akilitafuna inakuwaje? Likikosa maji wiki mbili linafanya nini? Akikujibu kwa kukusifia rangi, ujue huyo anakuuzia sura. Sura utaiona wiki moja ya kuchanua. Wiki zilizobaki za mwaka utaishi na tabia.

Jiwe lako limesubiri miaka bilioni 2 bila ua. Linaweza kusubiri wiki moja zaidi uchague vizuri.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Nitakuwa na habari za wale mnaooga maji ya mvua mkidhani yanaotesha nywele!